Mwaka Karatasi ya Kura Ilipojaa Picha

Harufu ya ndizi zilizoiva shimoni, zikisubiri kukamuliwa pombe, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu Kirushya. Shimo lilikuwa moja kwa nyumba mbili: yetu, na ya Baba Mkubwa Domisiani, kaka yake baba. Kati ya nyumba hizo hapakuwa na mpaka wowote, ni migomba tu, na mvua ilipoanza mama alianua maharage yaliyokuwa karibu naye bila kuuliza ni ya nani. Baba Mkubwa alikuwa balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama tawala kwa majirani zetu. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, na tulipomsalimia shikamoo aliitikia marahaba kwa sauti ya kuimba. Jioni yeye na baba walikaa nyuma ya nyumba wakinywa kwa mirija kutoka kibuyu kimoja, wakiongea Kihangaza, na Kiswahili kiliingia pale tu walipotaja mambo ya serikali.

Mambo hayo yalikuwa machache. Nilivyoelezwa na baba, kumchagua rais kulikuwa kazi ya dakika moja. Karatasi ilikuwa na picha ya mtu mmoja, na pembeni yake kivuli kisichokuwa na uso. Anayemtaka mtu aliweka alama ya ndiyo, asiyemtaka aliweka alama kwenye kivuli. Kisha katiba ikabadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Habari ilitufikia kwa redio ya Baba Mkubwa, na kwa muda mrefu haikubadili chochote. Ulipokaribia uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo, nikiwa darasa la tatu, ndipo magari yenye vipaza sauti yalipopanda kilima chetu, na jioni moja baba akarudi kutoka mnadani na kadi ya chama kingine mfukoni.

"Unaniaibisha," Baba Mkubwa alimwambia. "Balozi anashindwa kumshika hata mdogo wake?"

"Kaka, sigombani nawe. Nimechoka tu kuchagua kati ya mtu na kivuli."

Kibuyu cha pamoja kiliishia hapo. Wiki hiyo hiyo Baba Mkubwa alipanda miti ya uzio katikati ya migomba, akichimba mashimo huku ametupa mgongo. Mama, aliyekuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, alisimama mlangoni akamtazama mpaka akamaliza. Kanisani familia zetu zilikaa mabenchi tofauti. Dukani watu walinyamaza baba alipoingia. Mimi na binamu zangu tuliendelea kucheza, lakini mbali, kule bondeni kwenye maji, ambako hakuna mtu mzima aliyetuona.

Uchungu ulimshika mama asubuhi ya mvua, na kufikia saa nne mkunga wa kijiji alitoka ndani akifuta mikono, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali. Kwetu mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya kufuma, na wanaume wa nyumba kumi walipokezana kuibeba. Machela hiyo ilitunzwa kwa balozi. Baba alikwenda hadi kwenye uzio na mimi nikiwa nyuma yake.

"Kaka, Adela amezidiwa. Naomba ingobyi na watu."

Baba Mkubwa alikuwa amesimama barazani na wanachama wenzake wawili. Nadhani wasingekuwepo angejibu vingine. "Si mna chama chenu?" alisema. "Waite wenzako waje kukubebea."

"Huyu ni shemeji yako!"

Baba Mkubwa alitazama chini, kisha akaingia ndani.

Baba aling'oa miti ya kitanda chetu, akafunga blanketi. Walikuja wanaume watatu tu. Wakabeba bila wa kuwapokea, wakiteleza kwenye matope, wakimtua chini kila mara kuvuta pumzi, na mama hakulia hata mara moja. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa hospitalini jioni ile. Alipumua kidogo, akaacha. Muuguzi alimwambia baba kwa upole kwamba wangewahi kidogo, huenda angeishi.

Walimrudisha amefungwa kwenye kanga ya mama. Baba alipokuwa akichimba kaburi, Baba Mkubwa alikuja na jembe begani, macho mekundu. "Mdogo wangu, niache nichimbe," alisema. Baba hakuinua kichwa. "Rudi na jembe lako." Nilimwona mtu yule mrefu akigeuka na kuondoka huku akilia kwa sauti, na binamu zangu wakamtazama kupitia uzio.

Siku ya uchaguzi wote wawili walipiga kura shuleni kwetu, kwenye foleni moja. Baba alinisimulia kwamba karatasi ilikuwa na picha nyingi, zote zina nyuso, na kwamba alisimama nayo muda mrefu kwa kuwa hakuona vizuri. Mgombea wake alishindwa. Baba Mkubwa alipofariki miaka mingi baadaye, baba alichimba kaburi lake peke yake tangu asubuhi, akakataa kupokewa.

Leo naishi Ngara mjini. Katika karatasi ya kura wagombea urais wamepigwa picha pamoja na wagombea wenza wao, na hakuna anayeona ajabu. Wanangu wanashabikia vyama tofauti. Wanabishana mpaka majirani wanachungulia, kisha wanapakuliana ugali wakicheka, nami nawaacha, kwa kuwa hicho ndicho baba alichokitaka. Hawaelewi kwa nini bibi yao, mama yangu, hukaa kimya magari ya kampeni yanapopita. Msimu uliopita nilimkuta ameketi kitandani, amefunga dirisha. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema. "Nilikuwa najiuliza tu, yule mtoto wangu angempigia kura nani."