Nilivyosamehewa Mara Sita

Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoiba vitenge vya maman mmoja wa Bukavu. Nilikuwa nikibebea wachuuzi mizigo pale mpakani Rusizi II, na yeye alikuwa mteja wangu wa kila wiki. Siku hiyo aliitwa dirishani kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa vibaya kwenye kibali cha kuvuka mpaka.

"Kaa na hii muzigo, mutoto wangu, nakuya sasa hivi," akaniambia.

Sikukaa. Nilipanda kilima hadi kwetu Mururu na vitenge vinne kichwani, na watu niliokutana nao njiani walinipa pole ya kazi.

Wizi ningeweza kuuficha, lakini urembo ulinishinda. Kitenge kimoja nilikipeleka kwa fundi, nikashonewa gauni, na Jumapili nikalivaa kanisani, safu ya mbele ya kwaya. Sikujua kwamba maman yule alikuwa na dada yake aliyeolewa Mururu, wala kwamba siku hiyo alikuwa amekuja kumtembelea. Tuliimba beti zote nne akinitazama. Ibada ilipokwisha akanishika mkono taratibu.

"Uko na sauti muzuri, mutoto. Lakini hii kitenge ni yangu."

Nilipelekwa polisi, lakini kwa kuwa nilikuwa mtoto na lilikuwa kosa la kwanza, sikufungwa. Niliandikishwa katika kituo cha vijana waliovunja sheria, nikajifunze kushona kwa mwaka mzima, nikirudi nyumbani kila jioni. Baba, ambaye alitukataza hata kuokota parachichi la jirani, hakunisemesha wiki tatu nzima. Wa kwanza kunisemesha kwa upole alikuwa afisa wa ustawi wa jamii aliyekabidhiwa faili langu, mama mnene mwenye kicheko cha karibu.

Alipanga nimwombe maman msamaha mbele ya watu, katika ukumbi wa sekta, ofisi ya serikali ya eneo letu. Nililia kwelikweli. Maman akasema amenisamehe, tukakumbatiana, ukumbi ukapiga makofi. Afisa naye alilia. Nadhani ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu ilipendeza mno.

Wiki mbili baadaye walikuja wageni kukagua kituo, tukaitwa turudie. Kisha tukaitwa shuleni, kisha kwenye semina ya viongozi. Nilijifunza mahali pa kunyamaza ili watu wavute pumzi. Mara ya nne machozi yaligoma, na afisa akaninong'oneza, "Jitahidi kidogo." Faili langu lilinenepa kwa sifa: kijana wa mfano, amebadilika kabisa. Wakati huohuo, darasani, wenzangu walifundishwa kutia zipu nikiwa sekta nyingine, Nkungu, natoa ushuhuda, na walifundishwa kola nikiwa ukumbini nasamehewa kwa mara ya tano.

Mtihani ukaja. Nilishindwa zipu, nikashindwa kola. Mwalimu wa ushonaji alilishika shati langu kwa vidole viwili, akauliza, "Hili ni la nani, la mtu mwenye shingo mbili?"

Mara ya sita tulikaa benchini, mimi na maman, tukingoja kuitwa. Akaniuliza kama nilifaulu. Nikamwambia ukweli.

"Basi banakufundisha nini kule?"

"Kuomba msamaha, Maman."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Halafu uso ukabadilika. "Nikuambie kitu. Ile siku ya kwanza sikukusamehe. Balinipatiya karatasi, nikasoma. Nilikuwa na hasira juu yako, niliona hata ningekupiga."

"Na leo?"

"Leo nimechoka. Niko na biashara, nawe uko na masomo. Bakituita tena, mi sitakuya. Nawe ukatae."

Kisha tukaitwa. Tukakumbatiana kama kawaida, lakini safari hii alinibana mbavu kwa nguvu, nami nikambana vilevile. Wageni walisema hawajawahi kuona toba nzuri kama ile.

Mwaliko wa saba ulipokuja nilimwambia afisa siwezi, nina somo la zipu. Alinitazama kama mtu aliyeibiwa.

"Baada ya yote tuliyokufanyia?"

Nikaenda darasani. Jioni ile aliandika katika faili langu kwamba nimeanza kuonyesha ukaidi na nahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Baada ya sifa zote zile, neno baya la kwanza aliloandika juu yangu liliandikwa kwa sababu nilikwenda darasani.

Niliurudia mtihani nikafaulu. Sasa nashona sare za shule hapa Mururu. Juzi kituo kiliniletea msichana mmoja wa kujifunza kwangu. Anajieleza vizuri, na akilia machozi hushuka polepole, jicho moja baada ya jingine. Afisa ameshamwona. Nimemwonya mapema: wakikuita ukumbini, uliza kwanza siku hiyo tunashona nini.