Kibuyu cha Maji cha Babu

Mwezi uliopita, katika hospitali ya Biharamulo, daktari kijana aliushika mguu wangu wa kulia kama mtu anayeokota yai chini ya kuku, akaniuliza swali nililokuwa nimelikimbia kwa zaidi ya miaka arobaini.

"Mama, kwenu kuna mtu aliyewahi kusumbuliwa na kidole gumba namna hii?"

Kidole kilikuwa kimevimba na kung'aa kwa wekundu, na hata khanga ilipokigusa nilishika ukingo wa kitanda. Alinieleza kwamba ni gauti, ugonjwa ambao Kiswahili cha zamani kinauita jongo. Figo zinaposhindwa kuchuja asidi fulani iliyo katika damu, asidi hiyo hujikusanya kwenye viungo na kuwa chembe kali kama sindano. Vidonge vyangu vya presha vilikuwa vimechangia, na ukoo nao huchangia.

"Babu yangu," nilimjibu. Nilisema hayo tu. Yaliyobaki nakusimulia wewe.

Nyumbani kwetu ni Mabawe, wilayani Ngara, kwenye mteremko ambao enzi hizo ulikuwa migomba mitupu. Kama ulikulia kwetu, utakuwa unaikumbuka harufu ya ndizi zilizoivishwa shimoni, na mlio wa miguu ya wanaume wakizikanyaga pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Kazi yetu watoto ilikuwa kukata nyasi na kuchota maji. Baada ya siku chache rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa tayari, wazee wakauzunguka mtungi na mirija yao. Babu ndiye aliyenyonya kwanza. Na mbuzi akichinjwa, ini lilibanikwa kabla ya nyama nyingine kuingia chunguni, likapelekwa kwake likiwa bado linatoa mvuke. Ilikuwa heshima yake, na hakuna aliyeihoji.

Mara tatu au nne kwa mwaka, mguu wa Babu uliwaka. Aliamka asubuhi hawezi hata kuteremka kitandani. Wengine walisema amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Bibi hakujali maneno hayo; yeye alitafuta maini na figo, akampikia supu nzito ya kumrudishia nguvu. Baada ya siku nane au kumi uvimbe ulinywea, Babu akasimama, na sisi sote tukaishukuru supu. Hakuna aliyefikiri kwamba maumivu yale yalikuwa na desturi ya kuondoka yenyewe. Kila yaliporudi tuliongeza maini.

Mtu mmoja tu alitupinga. Jirani yetu alikuwa mhudumu mstaafu wa zahanati, mwembamba, mwenye koti la kaki lisilovuliwa hata jua la saa saba. Siku moja alimtazama Babu mguu, akamwambia Bibi waziwazi, "Mama, mnamwua kwa mapenzi. Acheni maini, acheni figo, aachane na pombe. Anywe maji, maji mengi. Na apelekwe hospitali akapewe dawa."

"Maji?" Bibi aliuliza. "Maji ni dawa?"

"Jaribu. Ukishindwa, njoo unicheke."

Hospitali Babu aliikataa. Maji, kwa kumwogopa Bibi, aliyakubali. Bibi alimtengea kibuyu kikubwa, na sharti lilikuwa kimalizwe mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyekijaza. Wazee wa mtungini hawakumwacha salama. "Mpisheni mwenzetu," walisema akipita, "anawahi kisimani na ndama wenzake!" Babu alicheka nao, lakini nilimwona akikaa pembeni na kibuyu chake, akiitazama mirija kama mtu aliyefiwa.

Hata hivyo mguu ulitulia. Ukapita msimu mzima wa maharage bila kuwaka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, najiandaa kwa Kipaimara, na Babu alinipa ahadi. Kanisa la parokia lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mara ya mwisho alikuwa amepelekwa huko kwenye machela, mabegani mwa vijana, jambo lililomwaibisha sana. "Safari hii, mke wangu mdogo," aliniambia kwa utani wa babu na mjukuu, "tutatembea wawili, mimi na wewe. Askofu atauliza bwana harusi ni nani."

"Mchukue tu," Bibi alidakia kutoka jikoni. "Mimi nimeshachoka naye."

Siku moja kabla ya Kipaimara tulichinja mbuzi. Ini lilipoiva, Bibi aliligawa kwa watoto, kisha akaenda kusaidia kufagia kigango, kanisa letu dogo la kijijini. Nilimtazama Babu. Alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa, kibuyu cha maji mapajani, uso ameugeuzia upande wa pili ili asituone tukila. Niliona aibu kwa ajili yake. Nikachukua kipande changu, nikaomba cha mdogo wangu, nikaingia stoo nikajaza kibuyu kidogo kwa rubisi ya sherehe, nikampelekea vyote nyuma ya nyumba.

"Bibi yako atanifukuza," alisema, huku mkono umeshafika.

"Ni ya nguvu, Babu. Kesho tunatembea mbali."

Alikula polepole, macho amefumba. Kisha akaniomba nimwongezee rubisi, nami nikamwongezea mara mbili.

Alfajiri hakuweza kusimama. Vijana walileta machela akaikataa. "Siendi kanisani kama maiti," alisema, jasho likimtiririka. Nilivaa gauni langu jeupe, nikamwambia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama, nikaenda na watu wengine. Sikumbuki hata neno moja la mahubiri ya askofu.

Niliporudi, jirani yetu alikuwa uani, na Bibi amemsimamia kwa hasira.

"Miezi yote nimemnywesha maji! Nimemnyima hata ini la mbuzi wake mwenyewe! Haya, mtazame! Maji yako yamefanya nini?"

"Mama, amekula nini jana?"

"Ugali na maharage! Mimi ndiye nimempakulia!"

Jirani alimgeukia Babu. "Mzee?"

Babu alinitazama kidogo tu, akasema, "Nimekula alichonipakulia mke wangu."

Nilikuwa pale, na gauni langu jeupe, na Sakramenti ya kuimarishwa ikiwa bado mbichi juu ya paji la uso wangu. Sikufungua kinywa. Jirani aliokota kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo watu walimwita Daktari wa Maji, na hakuna aliyemwendea tena kwa ushauri. Bibi alirudisha supu. Kibuyu kikubwa kikageuzwa cha kuhifadhia mbegu za maharage.

Babu hakutembea tena hadi parokiani. Vidole vyake viliota vinundu vigumu kama punje za mahindi chini ya ngozi, mpaka akashindwa kushika mrija. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mpaka leo sijui kama uongo wake wa siku ile ulinilinda mimi, au ulimrudishia yeye ini na mtungi wake. Huenda vyote viwili.

Nilipomsimulia daktari hayo hatimaye, katika kliniki iliyofuata, alinituliza. Vipande viwili vya ini, alisema, havimlemazi mtu. Babu alihitaji dawa ya kila siku, inayomezwa hata maumivu yakiisha. Namwamini. Naimeza ya kwangu kila jioni, na chupa ya maji haiondoki mezani pangu. Lakini hajanielewa. Ini lile nimeshajisamehe.

Wiki iliyopita nilikwenda Mabawe. Ugonjwa wa mnyauko umeimaliza migomba yetu, mtumbwi wa kukamulia uliishia kuwa kuni, na vijana wanakunywa bia za chupa dukani. Kaburi la jirani limeota nyasi. Kando ya nyumba ya Bibi nilimkuta binamu akipanda maharage, nikamuuliza mbegu anahifadhi wapi. Akanionyesha ndoo ya plastiki.

Bibi alifariki akiamini kwamba maji hayakusaidia. Aliishi miaka kumi na mitatu baada ya Babu, na kila likizo nilikaa naye jikoni bila kumwambia nilichompa Babu siku ile.