Posa na Maji Machafu

Shangazi yangu, aliyenilea, alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemwuliza kazi yangu: "Iko anafanya kompyuta, serikalini." Hakudanganya. Kompyuta ipo, na mshahara ni wa serikali. Alichoruka ni kwamba kompyuta yenyewe imo ndani ya sanduku la chuma kwenye kituo cha pampu cha Ngagara, na chini yake kuna shimo linalopokea kila kinachotoka vyooni mwa mitaa kadhaa ya Bujumbura.

Mimi ni injinia wa mitambo inayojiendesha. Lile sanduku tunaliita otomate, na mimi ndiye ninayeliandikia amri: shimo likijaa kiasi hiki, washa pampu; umeme ukikatika na kurudi, usiziwashe zote kwa pamoja, utaziunguza. Mji wetu umelalia mteremko na kila kitu kinataka kushuka ziwani, ziwa lile lile tunalokunywa maji yake. Pampu zikilala, uchafu ama unarudi majumbani mwa watu, ama unakwenda ziwani kama ulivyo. Naipenda kazi hii, na nasema hivyo bila kuziba pua.

Mchumba wangu, muuza vitambaa wa mtaa wa Rohero, alijua kila kitu. Nilikuwa nimemwonyesha mpaka picha. "Tuache kwanza ndoa ipite," aliniambia, "wazee tutawaambia pole pole." Sikupenda maneno hayo, lakini yeye nilimpenda, kwa hiyo nikayameza.

Posa ililetwa kwetu Buyenzi baada ya swala ya alasiri. Wanaume walikaa sebuleni, mchumba wangu kati yao. Mimi nilikuwa chumbani na shangazi na wanawake wengine, pazia tu likitutenganisha nao. Msemaji wao alikuwa mjomba wa mchumba wangu, mzee mwenye sauti nzuri ya kupaka watu mafuta. Aliusifu ukoo wetu, akaisifu kahawa, kisha akakohoa.

"Sasa, iko neno tumesikia. Dada yetu moja alimuona binti kule Ngagara, anatoka mu shimo la mavi. Sisi hatukatai binti. Lakini ile kazi ni najisi tupu. Mutu anatoka kule, anaswali aje? Anapika aje? Tunaomba aiache. Akikubali, leo leo tunafunga maneno."

Nilingoja wazee wetu wabishe. Hawakubisha. Mmoja wao alisema tu, "Aulizwe mwenyewe," na mjomba akasogea karibu na pazia, akaniuliza kama nimekubali.

Kwa desturi yetu mwali akiulizwa hajibu. Haya humfunga mdomo, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Kwa hiyo watu wote pale walikuwa wanasubiri ninyamaze. Shangazi alikuwa amenishika mkono, anatabasamu. Wanawake walishakaa tayari kwa vigelegele.

Kazini kwangu kunyamaza hakuna maana hiyo hata kidogo. Kipimo cha kina cha shimo kikiwa kizima, hata kama shimo limekauka, hutuma umeme kidogo kusema nipo, ila sina kitu. Kikinyamaza kabisa, otomate haiwazi kwamba mambo ni shwari. Inapiga kengele, maana waya umekatika. Amri hiyo niliiandika mwenyewe. Halafu watu wazima wakae sebuleni kwetu, wanywe kahawa yetu, wauchukue ukimya wangu na kuufanya ndiyo!

"Mi sikubali," nilisema, kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

Shangazi alinifinya paja. Nikavuta pazia, nikatoka.

"Wazee wangu, munisamehe. Mume namutaka. Sharti silitaki."

"We mutoto, rudi huku!" shangazi aliniita nyuma yangu.

"Hiyo najisi munasema, si mi naitengeneza. Inatoka kwetu na kwenu, kila asubuhi. Mi naipokea tu, isirudi mu nyumba zenu, isiende mu maji munatawadhia. Mu chuo cha Kurani tulifundishwa maji ya udhu yanaharibika yakigeuka rangi, harufu ao ladha. Rangi na harufu, mi napambana nayo kila siku. Ladha nawaachia nyinyi."

Mzee mmoja wa kwetu alicheka, akajifanya anapiga chafya. Mjomba hakucheka. Alimgeukia mchumba wangu, akamwuliza yeye anasema nini. Mchumba wangu aliliangalia sinia la sambusa. Mjomba akasimama, wakaaga, wakaenda zao.

"Mudomo imekuponza kichwa," shangazi aliniambia usiku ule, macho yamemvimba. Nikamjibu kwamba kichwa ni changu. Kisha nami nikalia, sifichi, maana nilimpenda yule bwana, na siku nyingine bado nampenda.

Wiki chache baadaye alikuja kituoni. Nilimkuta amesimama nje ya geti, shati limepigwa pasi, anatabasamu kama zamani. Alisema mama yake, naye aliyekuwa akiikataa kazi yangu, amelegeza msimamo. "Kazi, si lazima uiache. Mutu akikuuliza, useme tu ni maji ya kunywa. Ni hivyo tu. Maji ya kunywa."

Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha hasira zikanipanda. Badala ya kumtukana nililifungua geti lote.

"Ingia basi," nilimwambia. "Uone kazi ya bibi unataka kuoa. Ukishaona, utawaambia mwenyewe ni maji gani."

Aliangalia barabara upande huu, akaangalia upande wa pili. Wanawake wawili walikuwa wanapita na mabeseni ya ndizi.

"Apana," alisema. "Watu wataniona."

Geti letu ni zito, linataka mikono miwili. Nililifunga.