Paneli ya Ishirini na Tano

Nikikutana na mtu wa Majengo hapa Nyeri mjini, kabla hata hajanisalimia huwa ananusa. Ananusa tu hivi, pua juu, kisha anaangalia masharubu yangu (yamerudi, asanteni kwa kuuliza), na mimi najua ameikumbuka ile Ijumaa. Kwa hivyo acha niwasimulie mwenyewe, maana huko nje habari imeongezwa chumvi mpaka kuna watu Naro Moru wanasema nilichoma meli nzima, na ukweli ni kwamba meli haikuungua hata kidogo. Niliungua mimi.

Kazi yangu ni kununua vitu vilivyobomolewa. Milango, madirisha, masinki, ngazi. Unabomoa, nakuja, nahesabu, tunasumbuana bei, nahesabu tena, nabeba. Majirani zangu mtaani Skuta huniita Mara Mbili kwa sababu ya huko kuhesabu, ila wanaoniheshimu huniita Baba Wangui. Na niko na tabia moja ambayo sikuwahi kuona ni ugonjwa: siondoki mahali bila nyongeza. Nikinunua nyanya nataka moja ya juu. Nikinunua milango kumi nataka bawaba za bure. Siku moja daktari wa meno aliningʼoa jino nikamwuliza, sasa daktari, huniongezei kitu?

Sasa, kuna Bi Zuhura. Huyu ana hoteli ya pilau kule Majengo, jengo la zamani aliloachiwa na babake, na ukuta wa kutenga jikoni na wateja ulikuwa wa mbao, mbao kavu zilizokula moshi tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Mwaka huu akaja Bwana Wafula, afisa wa usalama wa moto, mtu mpole kutoka Bungoma, akala pilau yake vizuri, akajifuta mikono, kisha akamwambia huo ukuta uwe wa kitu kisichoshika moto kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, la sivyo anafunga. Kujenga wa mawe haikuwezekana, sakafu yenyewe ni ya mbao na ingezama. Na hoteli ile inalisha Bi Zuhura, wajukuu wake, na wafanyakazi sita (niliwahesabu).

"Baba Wangui," akaniambia, "wewe waokota vitu dunia nzima. Huna kitu?"

Sikuwa na kitu, lakini wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka Mombasa: kuna meli ya watalii, kuukuu, imeletwa pale kwenye yadi ya meli kufanyiwa ukarabati, inatolewa utumbo wote kwa sababu sheria za sasa za moto haziitaki ilivyo. Jamani, nilisisimka! Mtu wa mlimani mimi, meli nimeiona kwenye kalenda tu. Nikashuka.

Siwezi kuwaeleza ukubwa wake mkanielewa, ila fikirieni mtaa mzima wa Skuta umesimamishwa kwa ncha, una ngazi, vyumba, na jikoni saba. Meli yenyewe iliundwa zamani, enzi ambazo mtu alivuta sigara kitandani na hakuna aliyeshtuka, na kila ukuta ndani ulikuwa wa mbao zilizopakwa rangi, kisha vanishi juu ya vanishi. Ndizo walizokuwa wakingʼoa. Badala yake wanaweka paneli mpya, bati huku, bati kule, na katikati pamba iliyotengenezwa kwa mawe. Mawe, kweli! Yanayeyushwa, yanasokotwa kama sufi, na hayashiki moto. Mnyapara wa kazi, Mzee Faraji, akanionyesha pia milango inayojifunga yenyewe: anabonyeza kidude, na milango ya ukumbi mrefu inajifunga mmoja baada ya mwingine, pa, pa, pa, ili moto ubaki chumba ulikozaliwa. Nikamwomba abonyeze tena. Nikamwomba mara ya tatu, akakataa.

Kulikuwa na paneli mpya zilizobaki kazini, na karatasi yake ya kuthibitisha kwamba zimepimwa kwa moto. Ishirini na nne. Nilikuwa nimepima ukuta wa Bi Zuhura mara mbili, na ulitaka ishirini na nne kamili. Nikaona Mungu ananipenda. Tukasumbuana bei mpaka Mzee Faraji akavua kofia akaanza kujipepea, tukapatana, na hapo ndipo mimi, nikiwa nimeshapata kila kitu nilichofuata, nikafungua mdomo.

"Sasa niongezee moja."

"Nikuongezee ipi, bwana, na hizo ndizo zote?"

"Moja tu, mzee wangu. Nitapandaje mlima bila nyongeza?"

"Wewe ni mtu au kupe?"

Lakini akaenda, akavuta paneli moja kutoka rundo la upande wa pili, akaiegemeza kwenye zangu. Rangi moja, maziwa yenye mstari wa buluu, kwa sababu mwenye meli alitaka zile mpya zifanane na za zamani ili wateja wake wa siku zote wasijione wamepotea. Mzee Faraji akaanza kusema, "Sikiza, hiyo si katika hizi..." ila mimi nilikuwa naanza kuhesabu mara ya pili, na nikihesabu huwa siko duniani.

"Kumi na nane, kumi na tisa..."

"Bwana, wanisikia?"

"Ishirini. Nasikia."

Sikusikia kitu. Wakati wa kupakia, kila paneli ilibebwa na watu wawili wakihema, lakini ile ya ishirini na tano niliibeba peke yangu, begani, na (hapa cheka tu) nikajisifu mbele ya vijana wa pwani kwamba hizo ndizo nguvu za githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu mlimani.

Basi nikarudi Nyeri, tukangʼoa zile mbao za Bi Zuhura, tukafunga ukuta mpya. Ishirini na nne zikakaa tii, hakuna pengo la kupitisha unywele. Ile ya nyongeza ikabaki nje, imeegemea mti wa stima.

Ijumaa ikafika. Mnajua Majengo Ijumaa adhuhuri: watu wametoka kuswali, walimu na polisi wamekuja kutafuta pilau, barabara imejaa. Bwana Wafula akaingia, akasoma ile karatasi ya yadi, akagonga ukuta kwa kidole, ti, ti, akatikisa kichwa kuridhika.

"Mama, kazi safi," akasema. "Niko na karatasi yako hapa, wacha niweke muhuri."

Muhuri ulikuwa umeshatoka mfukoni! Ulikuwa hewani! Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nikatazama ule umati, nikafikiria safari yangu yote, ile meli, yale mawe yaliyosokotwa, na hakuna aliyeniuliza hata swali moja, nikashikwa na uchungu wa sifa.

"Ngoja kwanza, Bwana Wafula," nikasema. "Tokeni nje nyote niwaonyeshe maajabu."

Nikaazima kwa muuza supu wa jirani ule mtungi wa gesi wenye mdomo mrefu, wa kuchomea manyoya ya vichwa vya mbuzi. Na sasa uamuzi mdogo: nichome nini? Siwezi kuharibu mali niliyoinunua kwa jasho, ndiyo nikachukua ile ya bure. Nikaisimamisha mbele yangu kwa mkono mmoja, kidevu changu juu yake, mtungi mkono wa pili, nikahutubia.

"Hii ni paneli ya meli! Hii hata ukiishusha jehanamu itarudi na baridi yake! Tazameni!"

Nikawasha.

Sekunde mbili za kwanza zilikuwa tamu. Ya tatu nikasikia kitu kinachemka. Kisha ile vanishi ya miaka yote, tabaka juu ya tabaka, ikashika kwa mpigo mmoja, fuuu, moto ukapanda ukanipita uso ukielekea mbinguni, na ulipopita ukaondoka na masharubu. Nikatupa paneli, nikatupa mtungi (muuza supu akaurukia akaufunga, Mungu ambariki), nikaanza kujipiga makofi usoni, na Bi Zuhura akatoka jikoni na beseni lililolowekwa mchele akanimwagia lote.

Nikasimama pale natiririka, mchele kichwani kama bwana harusi, nanuka kichwa cha mbuzi.

"Ati itarudi na baridi yake!" mtu akapiga kelele, na Majengo yote ikaanguka kicheko.

Bwana Wafula hakucheka. Aliangalia ile paneli ikiwaka kama kuni, akaangalia hoteli, kisha, polepole, akarudisha muhuri mfukoni.

"Mama, pole sana," akasema. "Kama ndizo umejengea ukuta, mimi siwezi."

Kicheko kikakatika. Wale wafanyakazi sita walikuwa mlangoni na aproni zao. Bi Zuhura akanigeukia, hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Baba Wangui. Hiyo ilotoka kuungua uliinunua?"

"Niliongezewa."

"Na za ukutani?"

"Zote nilinunua. Ishirini na nne. Nilihesabu mara mbili."

Akanitazama mpaka mchele ukaanza kuniwasha shingoni. Kisha akauchukua mtungi kwa muuza supu, akampa afisa mkononi.

"Bwana Wafula, choma ukuta wangu."

"Mama, na ukiwaka?"

"Ukiwaka utakuwa umefunga hoteli bila kusumbuka na karatasi. Na wewe," (huyo ni mimi) "ingia jikoni uweke kiganja upande wa pili. Ukipiga kelele tutajua."

Nikaingia. Nikaweka kiganja. Upande ule nikasikia gesi inanguruma, na mimi nahesabu: hamsini, mia, mia mbili. Nilikuwa nawaona wale sita kila mmoja kwa jina lake. Bati likaja na joto kidogo, kama kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani, na likabaki hapohapo. Mia tatu. Kwa mara ya kwanza maishani sikuhesabu upya.

"Baba Wangui! Uko?" Wafula akaita.

"Niko! Ni vuguvugu tu!"

Wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka. Muhuri ukapigwa. Bwana Wafula akala sahani mbili, na Bi Zuhura akakataa kabisa kuifuta ile duara nyeusi ukutani. Mpaka leo mgeni akiuliza anaelezwa, na mimi nikiwa nimekaa hapohapo nakula wananionyesha kwa kijiko.

Jioni nikampigia Mzee Faraji kulalamika.

"Si nilikwambia?" akasema. "Hiyo ilikuwa katika zile tulizongʼoa! Ndizo zilizoileta meli kwenye ukarabati, bwana, nawe wazililia!"

Juzi nilikuwa sokoni Kutus. Nikanunua nyanya, nikahesabu, nikahesabu tena, sikuomba kitu. Yule mama, kwa roho yake safi, akachukua moja kutoka kikapu kingine akaiweka juu.

"Na hii ni yako, baba, ya nyongeza."

Nikaishika. Nikaipima mkononi na mwenzake. Nikaigonga kwa kidole.

"Ni nyanya," akaniambia.

"Naona, mama," nikamjibu. "Lakini irudishe."