Ndiva Ambayo Haikupasuka

Wageni wanaokuja siku hizi kuiona ndiva iliyomo kwenye riwaya ya mume wangu huondoka wamenuna. Wanatafuta mahali ukuta ulipopasukia, nami nawaonyesha bwawa zima, limejaa, mifereji yake inateremka kwenda mashambani. Hawajui raha niipatayo kwa kuwaudhi hivyo.

Riwaya aliiandika wakati wa Mwingereza, akiwa mwalimu wa shule ya misheni huku Upare Kusini. Kijiji alikibadilisha jina, akadhani amemaliza kazi. Vingine vyote aliviacha: lile jiwe lenye mgongo wa kobe, njia inayopinda kwenye migomba, na nyumba ya mama mzee iliyo chini kabisa ya ndiva. Kitabuni masika yanakuja, ukuta wa udongo unapasuka, na maji yanamchukua yule mama akiwa jikoni.

Mwinjilisti alikisoma kwa sauti Jumapili moja baada ya ibada. Alipofika hapo, kanisa zima liligeuka kumtazama mama mkwe wangu.

"Ni hadithi tu, mama," mume wangu alimwambia njiani.

"Jiwe ni langu, migomba ni yangu, jiko ni langu. Maji tu ndiyo ya hadithi?"

Kesho yake alianza kukunja mikeka. Alitaka kuhamia kwa bintiye Makanya, kule tambarare kwenye joto na mbu. Mara ya mwisho alikwenda huko kwa arusi tu, akarudi amebebwa kwa homa. Niliogopa. Wiki ile nilimpenda yule mama kuliko mwanawe, na mwanawe nilimwambia hivyo akiwa anakula.

Alinawa mikono akaenda kwa mzee wa ndiva, yule anayegawa zamu za maji, na alfajiri pembe ya kuita watu kwenye msaragambo ikalia. Kila nyumba ilitoa mtu. Tuliyafungulia maji yote yakatoka, wanaume wakashuka kukagua ukuta. Kweli, upande wa nyumba ya mama mkwe fuko walikuwa wametoboa tundu, mkono wa mtu mzima unaingia hadi kwapani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa wenyewe tulikuwa hatujauona mpaka kitabu kilipotutisha. Wanawake tulibeba udongo wa mfinyanzi, wanaume wakaushindilia, na mume wangu, mtu wa chaki, akachubuka viganja vyote viwili. Nilimwonea huruma kidogo, si sana.

Mama mkwe alikubali kungoja masika yapite, lakini mikeka aliiacha imefungwa mlangoni.

Mvua zilinyesha kama zimetumwa. Baada ya ile iliyokuwa kubwa kuliko zote, kulipokucha nilishuka mbio kwenye utelezi. Ndiva ilikuwa imejaa hadi mdomoni. Chini yake moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa mama. Nilikaa palepale kwenye matope nikalia kwa furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejaa matope hivyo?"

Mikeka ilikuwa imefunguliwa na kutandikwa, na kando yake vyungu vilikuwa vinakinga matone kutoka juu.

"Mwambie mumeo aandike kitabu kingine," alisema, akisogeza chungu kidogo. "Safari hii paa la yule mama linavuja."