Mstari wa Kushoto wa Lango Letu

Mwalimu Kang Yuzhen amewafundisha watu wa kijiji chetu kusoma kwa miaka thelathini na minne, na mimi simsifu bure, maana aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa zima kwa kusema shairi ni "maneno mazuri."

"Mazuri kwa nani?" aliniuliza. "Na yanafanya kazi gani hapo, au yamekuja kuota jua?"

Sasa amestaafu. Ni mjane mfupi mwenye mbegu za alizeti mfukoni, na kila mwaka unapokaribia kwisha sisi sote humpelekea karatasi nyekundu atuandikie mistari ya milangoni. Mstari wa nguzo ya kulia husema, wa kushoto hujibu. Kitu kwa kitu, kitendo kwa kitendo, idadi ileile ya maneno. Mwalimu ana msemo wake: wa kulia ni mdomo, wa kushoto ni sikio.

Basi lango letu lilikuwa kiziwi. Mume wangu Wenkui na kaka yake Wenshan walirithi ua mmoja. Miaka tisa iliyopita Wenshan aliukata mpeasi wa marehemu baba yao ili apate pa kuegesha trekta, wala hakumuuliza mtu. Wenkui akajenga ukuta wa udongo katikati ya ua, na tangu siku hiyo hawakusemezana. Lango tu ndilo lililobaki moja, nguzo ya kulia ya kaka, ya kushoto yetu, na kila mmoja akijiandikia na kubandika mstari wake. Mwaka jana kulia palisomeka: "Mama yetu mpendwa aishi karne." Kushoto, mume wangu kaandika: "Nguruwe wanenepe." Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Kisha binti yetu Qingmei akaposwa, harusi ikapangwa majira ya machipuko. Wakwe wa huku kwetu husoma lango kabla hata ya kusalimia, na wakiona mistari haijibizani wanajua ndani kuna nini. Ndoa zimeshavunjika kwa hilo.

"Mama," Qingmei aliniambia, "wakinikuta na nguruwe siku ya harusi yangu, napanda basi narudi zangu mjini Lanzhou, kazini."

Nikachukua karatasi nyekundu, nikaenda kwa Mwalimu Kang. Akairudisha mkononi mwangu.

"Lango lenu siandiki. Wenyewe wana mikono."

"Mwalimu, hawa hawaongei!"

"Nani kasema waongee? Waandike."

Akamwendea Wenshan. Baada ya siku tatu, zikiwa zimebaki mbili tu kufika harusi, alikuja kwetu na kipande cha gazeti kuukuu, akapanda kwenye kitanda chetu cha udongo kinachopashwa moto kwa chini, tunapoketisha wageni, akamsomea mume wangu mstari wa kulia alioandika kaka yake:

*Shina lililokatwa limechipua tena.*

Wenkui akacheka kwa pua. "Anajisifia miti! Yeye, mkata miti!" Akachovya brashi, akajibu papo hapo:

*Jino lililong'olewa limeoza zamani.*

Mwalimu aliutazama mstari huo huku akitafuna mbegu. "Safi. Shina kwa jino, kukatwa kwa kung'olewa. Maneno yamekaa kama vifungo kwenye matundu yake. Hebu nenda kambandikie mwanao siku ya harusi."

Mume wangu akaweka brashi chini.

"Nilikufundisha nini darasa la tano? Mtu akishindwa kusema la moyoni, husema nini?"

"Husema kitu," akajibu Wenkui, kama mtoto.

"Ehe. Anakisema kitu ili kimsemee. Sasa soma tena. Nani hapo kasema 'nilikata'?"

"Hakuna aliyesema. Anasema 'lililokatwa.' Kajificha."

"Kajificha, lakini kosa kalitaja yeye mwenyewe, kwenye lango, mbele ya wakwe na kijiji kizima. Angeweza kuandika mwezi na maua kama waoga wote. Wewe umeona mti tu, Wenkui. Nilipoteza chaki zangu."

Mume wangu akainama juu ya lile gazeti. Chai yake ikapoa, nikambadilishia, ikapoa tena. Mimi ninamjua: huyu akisusa, amesusa. Mwishowe akaandika, taratibu:

*Ukuta uliojengwa umefunguka leo.*

Mwalimu Kang akahesabu maneno kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali, kisha akauliza, "Leo ndiyo lini?"

"Mwalimu, si ni kutia chumvi tu."

"Chumvi tia kwenye tambi. Wakwe wasome 'umefunguka leo,' wavuke kizingiti, wakutane na ukuta? Mlango wa mtu hausemi uongo. Kaka yako nilimuuliza hivyohivyo."

Wenkui akainuka, akatoka, akakamata sururu. Nilidhani kachukia, nikamfuata mbio. Akaupiga ukuta. Akaupiga tena, na vumbi likatupanda mpaka kwenye kope. Qingmei akatoka jikoni na mwiko wa gundi ya unga ya kubandikia mistari mkononi, akasimama pale. Mara tukasikia sururu nyingine upande wa pili.

Tundu likafunguka, likawa kubwa kama sinia, kisha kama mlango. Wenshan alikuwa amesimama pale, mvi zimejaa udongo. Mume wangu hakumtazama usoni. Alikuwa anatazama chini, nyuma ya lile trekta, pale ulipokuwa mpeasi. Kwenye kisiki palikuwa na chipukizi linalofika kiunoni, lina majani mabichi, limezungushiwa miiba pande zote.

Akapita kwenye tundu, akachuchumaa, akashika jani moja.

"Tangu lini?"

"Linachipua kila mwaka, mbuzi wanakula," alisema Wenshan. "Mwaka juzi nikaliwekea miiba."

"Mbona hukuniambia?"

"Si nimekuandikia?"

Wenkui akaficha uso kwenye mkono wa koti, na mabega yakaanza kutikisika. Kaka yake akachuchumaa kando yake. Mimi sipendi machozi, lakini siku ile nililia kwa sauti.