Fundi Aliyekuwa Juu ya Dari

Wenzangu, mpaka leo nikipita njia ya kwenda msikitini hapa Kibuli nikaona wanawake wamenyamaza ghafla, najua ni mimi niliyekuwa nazungumzwa, na wala siwalaumu, kwa sababu mtu ambaye sidiria yake imewahi kutua begani kwa baba wa mchumba wa mwanawe, tena sebuleni, tena mchana kweupe, hana haki ya kuwaomba watu wazungumzie mvua. Basi bora niwasimulie mwenyewe, maana huko nje kisa kimeshatiwa chumvi mpaka kimekuwa chungu (wapo wanaosema alikuwa nyoka, na wallahi hakuwa nyoka).

Alikuwa kindi. Mnanijua mimi na wanyama wangu, tangu marehemu mume wangu atangulie nyumba imekuwa kimya, na hao wa nje ndio wanaonichangamsha: kwarara wanaopiga makelele alfajiri kama watu wanaogombea ndoo bombani, na yule kaloli, korongo mkubwa anayesimama juu ya bati la jirani, kipara, shingo imening'inia, kama hakimu anayengoja mashahidi wasiokuja. Lakini kipenzi changu ni kindi wa kwenye mti wa parachichi. Nilikuwa nikimwekea karanga dirishani kila asubuhi, naye anakuja, anakaa kwa miguu ya nyuma, anaishika karanga kwa mikono miwili, anaigeuza, anainusa, na ikiwa mbovu anaitupa chini na kunitazama vile mwanamke anavyomtazama muuza nyanya aliyemchanganyia na zilizooza. Akili ile, usafi ule, mimi nimeishi na watu wasio nao.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba mwenzangu alikuwa anajenga. Foronya ilichanika nikadhani ni uzee wake, soksi zikapotea kwenye kamba nikausingizia upepo, kisha ikapotea sidiria yangu ya zambarau, nami nikanyamaza kwa heshima, maana utamwuliza nani?

Fundi wangu kutoka Katwe ndiye aliyegundua. Nilimwita atazame paa linapovuja, wiki ileile niliyokuwa natarajia wageni wa posa ya binti yangu Rahma, na akiwa juu ya ngazi akaona upenyo chini ya bati na kindi akiingia na pamba mdomoni. Akashuka akaniambia, "Mama Lahma" (yeye ni Muganda, l na r kwake ni mtu na ndugu yake, na kindi kwake ni kaamuje), "kaamuje huyu ameingia dari. Tuzibe reo, atakuretea taabu."

Nami nikatazama juu, nikamwona yule kindi amerudi ukingoni, tumbo limemjaa, anahema, mkia umemlalia mgongoni kama shali, nikasema, "Fundi, mwache. Huyu ana mimba. Baada ya posa utakuja."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Sasa muelewe kwamba posa ile haikuwa mchezo. Rahma na Twaha walikuwa wamependana tangu chuoni, ila kaka yangu Hamisi, ambaye ndiye baba wa familia sasa, hakuwa ameridhia. Sisi mababu zetu walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, na Hamisi huisimulia safari ile utadhani yeye ndiye aliyebeba mzigo. Twaha ni mtoto wa kambi ya polisi, baba yake Mkristo wa West Nile, mama yake Mwislamu wa hukohuko. "Watu wa kambini," Hamisi alisema, "sisi na wao wapi na wapi?" Ilichukua machozi ya Rahma na maneno yangu mengi mpaka akakubali tu kuwapokea, akasema atatoa jibu akishawaona. Kwa hiyo siku ile nilikuwa nimepania wageni waone nyumba ya watu wastaarabu, nikaosha hata mapazia yasiyoonekana.

Mvua ikanyesha asubuhi, ikakatika, wageni wakaja. Afande Drani, baba yake Twaha, ni askari mstaafu mrefu kama mlingoti, alivaa suti ya kijivu, akaketi wima kwenye kochi la katikati, na Mama Twaha akaketi ng'ambo yake katika vazi la gomesi la kijani. Sebule yangu ndogo, tukakaa wote humohumo, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na Rahma akachungulia kutoka ukumbini. Hamisi akafungua kwa dua. Alipofika "amina", juu ya vichwa vyetu kukasikika kitu kinaburutwa. Kro, kro, kro.

Kila mtu akatazama juu. Mimi nikatazama chai.

"Mama," Afande akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "juu hapo iko mtu?"

Jamani, ningesema ukweli. Ningesema ni kindi, wangecheka, tungeendelea. Lakini nilimwona Hamisi amenikazia macho, nikafikiria neno "wastaarabu", ulimi ukateleza wenyewe: "Ni fundi, Afande. Fundi wa umeme. Anamalizia."

Afande akaruka kutoka kwenye kochi. "Fundi iko juu na stima inawaka? Atakufa huyo!" Na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshafika ukumbini, ameuliza swichi kubwa iko wapi, Rahma kwa adabu zake akamwonyesha, na nyumba nzima ikazimika: taa, feni, friji, na birika la umeme nililokuwa nikichemshia maji ya chai ya pili. Akarudi akifuta mikono, akaketi tena, ameridhika kama mtu aliyeokoa roho.

Feni ilipozimika ndipo tukasikia vizuri. Kwanza kro, kro. Halafu, nyembamba kabisa, "wii, wii, wii."

"Fundi wenu analia," Mama Twaha akasema.

"Ana mafua," nikajibu (mimi, mtu mzima, niliyehiji).

Afande akasikitika sana. "Maskini. Baridi ya mvua hii. Mzee Hamisi, mwambie ashuke, akunywe chai na sisi. Posa ni baraka, hata fundi apate."

Hamisi hakujua lolote kuhusu kindi. Aliniamini mimi dada yake. Akachukua fimbo yake, akasimama mbele ya kochi la Afande, pale sauti ilipotokea, na kwa ile sauti yake ya kuhutubia harusi akaita, "Fundi! Wee fundi! Shuka unywe chai!" Akagonga mara moja, akagonga mara ya pili, na lile dari, lililokuwa limeloa kwa mvua ya asubuhi, likatii.

Fundi akashuka.

Kilichoanguka kwanza ni bodi ya dari, ikafuatiwa na vumbi la miaka yote ya ndoa yangu, kisha kifurushi kikubwa cha pamba, majani makavu, soksi na maganda ya karanga, vyote mapajani mwa Afande, na mwisho, polepole, kama bendera inayoshushwa jioni, sidiria yangu ya zambarau ikaelea ikatua begani kwake na kutulia pale kama nishani. Nilitamani ardhi ya Kibuli ipasuke. Rahma akatoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa binadamu. Hamisi alibaki ameinua fimbo.

Halafu pamba ikatikisika mapajani mwa Afande. Akaipekua kwa kidole kimoja. "Mtu asitikisike," akanong'ona. "Iko watoto. Tatu."

Walikuwa wa waridi, wamefumba macho, kila mmoja mdogo kama kidole gumba changu. Hapo mama yao akatokea juu, kwenye tundu. Alitutazama sisi sote, watu wazima na buibui zetu na kofia zetu na chai yetu, mkia umesimama, mwili mzima unamtetemeka kwa hofu, na nikamwona, wallahi nilimwona, anaamua. Akashuka kwenye pazia mbio, akapita sahani ya sambusa bila kuitazama, akapanda suruali ya yule askari mrefu, akamkamata mtoto mmoja kwa ngozi ya tumbo, akamkunja kama mpira mdomoni, na kurudi njia ileile mpaka dirishani, mpaka kwenye parachichi. Akarudi. Akachukua wa pili. Safari ya tatu alikuwa amechoka, alisimama kwenye goti la Afande anahema, ubavu unapanda na kushuka, na Afande, mzee wa watu, hakupepesa hata jicho, vumbi kichwani na sidiria begani, machozi yakamtoka taratibu.

Kindi akaondoka na wa mwisho. Mama Twaha ndiye aliyeinuka, akaichukua ile sidiria kwa utulivu kana kwamba ni leso, akaikunja, akaja kuniwekea mkononi na kunibana vidole. "Mimi nilizalia kambini," akaniambia kwa sauti ya chini, "tukahamishwa mtoto akiwa hajapata hata jina. Nilimbeba hivyohivyo."

Nikamgeukia Hamisi, nikijua sasa atasema la kusema. Alikuwa anamtazama Afande, ambaye alikuwa bado amekaa wima, anaokota pamba kwenye suruali yake kipande kimojakimoja na kukiweka kando, asije akachafua zulia langu. Hamisi akaweka fimbo chini. "Afande," akasema, "mtu aliyekaa hivyo kwa ajili ya mtoto wa kindi, mimi mtoto wetu nitamnyima kwa sababu gani?" Akatoa mkono, na mara mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka kofia ikamdondoka, na sisi sote nyuma yake.

Basi ndivyo Rahma alivyoolewa, na ndivyo mimi nilivyopata jina la Mama Fundi, ambalo hata mkwe wangu huniita akidhani sisikii. Nimeshalizoea. Lakini nimeapa kwa Mola wangu: mgeni yeyote akikaa tena sebuleni kwangu akaniuliza kuna nini juu, nitamwambia ukweli hapohapo, hata kama ni chui.